Naomba ushauri: nodi yangu ya Waku inaonyesha iko hewani, lakini ujumbe haupiti

Bi_Mdogo_Mza

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, kazi yangu ni kutunza kompyuta na mitandao ya maduka. Linux nimeizoea, ila Docker (inayoendesha programu ndani ya vyumba vilivyotengwa, yaani kontena) nimeanza kujifunza mwaka huu.

Tangu nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024 na intaneti ikatutesa, nimekuwa nikiwaza namna watu wa kawaida tunavyoweza kushika kipande cha mtandao wa mawasiliano mikononi mwetu, badala ya kila neno letu kupita kwenye seva za kampuni mbili tatu. Nikasoma habari za Waku, mtandao wa kupitisha ujumbe unaoendeshwa na kompyuta (nodi) za watu wengi, nikaipenda. Hakuna seva kuu: kila nodi inapokea ujumbe na kuupitisha kwa wenzake.

Nimetumia kompyuta ndogo iliyokuwa kwenye kaunta ya duka, RAM 8GB, SSD 240GB, Ubuntu. Nimeshusha nwaku-compose, kifurushi cha kuendesha nodi ya Waku kwa Docker, nikanakili `.env.example` kuwa `.env`, nikajaza anwani ya RPC ya Ethereum (huduma ya kusomea mnyororo wa blokucheni), ufunguo wa pochi ya majaribio na nenosiri. Nikaendesha `register_rln.sh` nikapata faili la uanachama, kisha `docker compose up -d`. Kontena zote zikapanda: nwaku (nodi yenyewe), Postgres (hifadhidata), Prometheus (inayokusanya vipimo) na Grafana (inayovichora).

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda. Sasa hali ni hii: nikiandika `docker compose ps` zote zinasema Up. Nodi wenza ninao, kati ya 6 na 9, lakini wote nimewafuata mimi, yaani nodi yangu ndiyo iliyoanza kuunganika nao, hakuna hata mmoja aliyenifuata yeye. Na tangu umeme ulipokatika Jumanne kwa saa tatu hivi, ujumbe ninaoutuma haumfikii mtu, na grafu ya ujumbe unaopokelewa imelala kabisa. Nimewasha upya mara nne. Juu ya hayo diski inaliwa kila siku na sijui na nini.

Ninaomba kujua mambo mawili. Nibaki nyumbani au nihamie VPS (seva ya kukodi)? Na nifuatilie nini hasa, maana Grafana ina grafu nyingi na sijui ipi ndiyo yenye maana. Nimeambatisha logi na picha ya dashibodi.

---

Mkwajuni

Dada, kabla ya yote: kwenye logi uliyobandika, mstari wa kumi na kitu, anwani ya RPC imo nzima pamoja na ufunguo wako wa huduma hiyo. Iondoe sasa hivi, kisha ingia kwa mtoa huduma ufute ufunguo huo na utengeneze mwingine. Kuondoa bandiko peke yake hakutoshi, maana huenda mtu kashaunakili. Faili la `.env` na folda ya keystore (lilimo faili la uanachama) usivibandike popote.

---

Bi_Mdogo_Mza

Asante sana kaka, nimeshaufuta na kuweka mpya. Moyo ulinienda mbio.

---

Baba_Tatu

Kuhusu wenza kutokufuata. Fungua ukurasa wa ruta yako, tazama anwani ya IP upande wa WAN (wa nje, kwa mtoa huduma). Kisha kwenye kompyuta andika `curl https://api4.ipify.org`. Zikitofautiana, na ile ya ruta ikiwa inaanzia 100.64 hadi 100.127, basi uko nyuma ya CGNAT: mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi chini ya anwani moja ya umma. Hapo hata ufungue poti zote za ruta, mlango wa mbele si wako.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Skripti inayowasha nodi kwenye nwaku-compose inauliza nje "anwani yangu ni ipi?", ikipata jibu inalitangaza kwa mtandao mzima kuwa ndiyo anwani ya nodi. Nyuma ya CGNAT unatangaza anwani ya mtoa huduma. Wenzako wanabisha hodi pale, hakuna anayewafungulia. Ndiyo maana unaona wale uliowafuata tu.

Hata mwenye IP ya umma inayobadilika anaumia, kwa sababu swali lile linaulizwa wakati wa kuwaka peke yake. IP ikibadilika usiku, nodi inaendelea kutangaza ya jana mpaka uiwashe upya.

---

Bi_Mdogo_Mza

Nimetazama. Ruta inasema 100.81 na kitu, nje inaonekana nyingine kabisa. Kwa hiyo ni CGNAT. Lakini mbona wiki ya kwanza ujumbe ulikuwa unapita?

---

Baba_Tatu

Ndiyo, unaweza kupita, maana wale uliowafuata mnapeana pande zote mbili. CGNAT inakunyima wageni, haikuzuii kusema. Kwa hiyo tatizo lako la Jumanne ni jingine.

---

Pwani254

Salaam kutoka Mombasa. Dada yangu, nipe matokeo ya `timedatectl` kwenye hiyo mashine, na uniambie saa ya mkononi mwako inasemaje.

---

Bi_Mdogo_Mza

Kompyuta inasema 10:52, simu yangu inasema 14:06. Na `System clock synchronized: no`. Hii saa hubaki nyuma kila umeme ukikatika, huwa naiweka sawa kwa mkono. Safari hii sikuwa nimeitazama.

---

Pwani254

Basi tumempata mwizi.

Waku inatumia RLN kuzuia watu wa kumwaga ujumbe ovyo. Kila mwanachama ana kiwango cha ujumbe anachoruhusiwa ndani ya kipindi fulani cha muda, na kila ujumbe unabeba uthibitisho wa kihisabati kwamba mtumaji ni mwanachama na hajavuka kiwango, bila kumtaja ni nani. Kipindi hicho kinahesabiwa kwa saa ya mashine. Nodi ikipokea ujumbe ambao muda wake umepishana na saa yake kwa zaidi ya sekunde 20, inautupa. Sekunde 20, wala si dakika. Wewe umepishana na dunia kwa saa tatu na ushee. Ujumbe wako kwa wenzako ni wa kale, wa kwao kwako umetoka kesho. Viungo vimeunganika, kontena ziko Up, na hakuna kinachopita.

Kwa nini saa tatu? Betri ya ubao mama imekufa. Umeme ukienda, saa ya ndani inapotea. Ubuntu ikiwaka inasoma muda wa mwisho iliouhifadhi kwenye diski na kuanzia hapo, kwa hiyo mashine yako inaamini bado ni dakika ile umeme ulipokatika. Kwa kawaida ingejirekebisha yenyewe kwa NTP (kuuliza saa mtandaoni) ndani ya muda mfupi. Yako haijirekebishi. Umefunga trafiki ya kutoka kwenye ufw, ile ngome (firewall) ya Ubuntu?

---

Bi_Mdogo_Mza

Ndiyo, niliweka `default deny outgoing`, nikaruhusu 22, 53, 80 na 443 tu. Lakini nodi yenyewe inatoka kwa poti za ajabu ajabu na haizuiwi, kwa hiyo sikuwaza kwamba ufw inazuia chochote cha maana.

---

Mkwajuni

Hapo ndipo Docker inapochanganya watu, na naomba wote wanaosoma uzi huu wasimame kidogo. Docker inaandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables (kanuni za ngome za Linux). Trafiki ya kontena haipiti njia ambayo ufw inailinda. Kwa hiyo kontena zako zinatoka zitakavyo, huku mashine mama ikizuiwa hata kuuliza saa kwenye poti 123 ya UDP. Andika `ufw allow out 123/udp`, kisha tazama `timedatectl` tena.

Upande wa kuingia ni hatari zaidi. Poti yoyote uliyoichapisha kwenye compose bila kuitaja anwani iko wazi kwa dunia, hata ufw ikikuapia kwamba imeifunga. Leo CGNAT inakufunika. Siku utakayohamia VPS, Grafana kwenye poti 3000 itakuwa barabarani, na watu wengi hawabadilishi nenosiri lake la mwanzo. Kwenye faili la compose iandike `127.0.0.1:3000:3000`, halafu uifikie kwa handaki la SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali): `ssh -L 3000:127.0.0.1:3000 jina@seva`. API ya nodi kwenye 8645 na vipimo vya Prometheus kwenye 8003 vibaki ndani vilevile. Vinavyohitaji kuwa wazi kwa wenzako ni 30304 ya TCP na 9005 ya UDP. Kama unataka nodi za kivinjari zikufikie, ongeza 8000, na 80 kwa ajili ya cheti.

---

BintiSeva

Naongezea la diski, maana limesahaulika. Tazama sehemu mbili. Ya kwanza ni logi za kontena: Docker kwa kawaida inaziandika kwenye faili la JSON bila kikomo chochote. Weka `max-size` na `max-file` kwenye `/etc/docker/daemon.json`, uwashe upya Docker, halafu uziumbe upya kontena, kwa sababu mpangilio huo haugusi zilizokwisha kuumbwa. Ya pili ni Postgres, inakotunzwa historia ya ujumbe. Kwenye `.env` kuna `STORAGE_SIZE`. Ipangie ukubwa unaoweza kuumudu, usiiachie diski nzima.

Kwenye ufuatiliaji nina neno moja la moyoni: usiiamini Grafana iliyo kwenye mashine ileile. Umeme ukikatika, nodi inakufa na mlinzi anakufa naye, hakuna wa kukupigia simu. Weka mlinzi mahali pengine, hata Raspberry Pi kwa rafiki, ajaribu kufungua 30304 yako kila dakika chache. Mimi naendesha nodi mbili na skripti fupi: kila dakika kumi inatuma ujumbe kupitia ya kwanza, inausubiri kwenye ya pili. Usipofika, napata taarifa. Kipimo hicho kingekuambia tatizo lako Jumanne ileile, huku `ps`, idadi ya wenza na `chkhealth.sh` vikiweza kukuonyesha uhai tu.

Kwenye dashibodi mimi natazama wenza, nikitenganisha wanaoingia na wanaotoka, kisha kasi ya ujumbe halali, nafasi ya diski na tofauti ya saa. Grafu nyingine nazifungua nikishajua kuna shida.

---

Mzee_wa_Terminali

Binti yangu, hongera kwa moyo huo. Ila niseme wazi ili usije ukavunjika moyo baadaye. Ulisema kilichokusukuma ni kukatika kwa nyaya za baharini. Nodi hii haitakusaidia siku hiyo. Wenzako wengi wako ng'ambo, na uthibitisho wa RLN unahitaji kusoma orodha ya wanachama kutoka mnyororo wa familia ya Ethereum, ambao unaufikia kwa RPC iliyo ng'ambo pia. Waya ukikatika, inanyamaza kama vingine.

Na nodi si programu ya kuchati. Inabeba mizigo ya wengine, kama gari la abiria. Watu wako watahitaji programu inayotumia Waku, Status kwa mfano. Wala usiwaahidi kwamba nodi haioni chochote. Maudhui yakiwa yamesimbwa na programu hayasomeki, lakini muda na mada ya ujumbe vinaonekana kwa nodi.

Kama haja ni kuzungumza na jirani intaneti ikiwa imekufa, jaribuni Briar kwenye simu za Android. Intaneti ikiwepo inapita Tor (mtandao wa kuficha njia ya mawasiliano), isipokuwepo simu zinaongea zenyewe kwa Bluetooth au Wi-Fi, almuradi ziko karibu. Kwa familia inayotaka seva yake tu, XMPP (mfumo wa ujumbe wa seva za kawaida) ni nyepesi kuliko yote haya. Nodi ya Waku iendeshe kwa sababu unataka mtandao huo uwepo na uwe wa wengi. Hiyo ni sababu nzuri kabisa.

---

Bi_Mdogo_Mza

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kunieleza ukweli. Kweli nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Swali dogo: nikibaki nyumbani kwa bando la simu, linatosha?

---

Mzee_wa_Terminali

Marahaba. Usifanye hivyo. Nodi ya kupitisha ujumbe inakula data usiku na mchana hata kama wewe hujaandika neno. Bando litakuishia bila taarifa.

---

Bi_Mdogo_Mza

Mrejesho, wiki moja baadaye.

Betri ya CR2032 nimebadilisha, NTP nimeifungulia, `timedatectl` sasa inasema yes. Dakika chache baada ya saa kukaa sawa ujumbe ukaanza kupita, kabla sijagusa kitu kingine chochote. Umeme umekatika tena Alhamisi, mashine imerudi na saa sahihi.

Mtoa huduma wangu niliwaomba IP ya umma, wakasema ni kwa wateja wa biashara tu. Nimekodi VPS ndogo, nikahamisha folda ya keystore pamoja na `.env`, na ya nyumbani nimeizima kwanza ili uanachama mmoja usitumiwe na nodi mbili kwa wakati mmoja. Grafana iko kwenye 127.0.0.1. Nilimwomba mdogo wangu aliyeko Arusha ajaribu kuifungua kutoka kwake, ikagoma. Kompyuta ya nyumbani sasa ndiyo mlinzi: inagonga 30304 kila dakika tano na kunitumia taarifa kwenye simu.

Jana saa mbili usiku nimeona wenza wa kwanza walionifuata wenyewe. Walikuwa wanne, leo asubuhi ni kumi na mmoja. BintiSeva, kama hutajali, naomba uniwekee ile skripti ya ujumbe wa kujipima, niifunge kwenye mashine ya nyumbani kabla ya Jumamosi.