Naomba ushauri: tuanze na mkuu wa kituo cha polisi au tupeleke malalamiko IPOA (mamlaka huru ya kusimamia polisi Kenya)?

Habari zenu ndugu zangu. Sisi ni vijana kumi na wawili hapa Kenya, tunafundishana haki za mtu aliyekamatwa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 tumekikariri: uelezwe sababu ya kukamatwa, uwasiliane na wakili, ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya mahakama, hapo ni hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata.

Mwezi uliopita mwenzetu alichukuliwa jioni ya Jumatatu, akaachiliwa Alhamisi bila shtaka. Mama yake alipouliza nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), askari alifunika kile kitabu kwa kiganja na kumwambia arudi kesho. Nilikuwa nimesimama kando yake. Hadi leo kile kiganja kinaniumiza moyo.

Sasa tumegawanyika. Wengine wanataka maandamano. Mimi naona tumwombe mkuu wa kituo kikao kwanza, kwa barua yenye nakala iliyogongwa muhuri, halafu tuandikie IPOA. Ila mama anaogopa kijana wake ataandamwa, na siwezi kumlaumu.

Naomba waliowahi kupitia haya, hata walioko Nigeria au Uganda, mnisaidie. Je, malalamiko yaandikwe kwa jina la kikundi ili kumkinga? Tunakusanyaje ushahidi ikiwa hatuna nambari ya OB? Na Miongozo ya Luanda ya 2014, ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kuhusu ukamataji, inafaa kuitaja kwenye barua, au tubaki na Katiba tu?