Mdomo umepinda dakika 20 kisha ukarudi: kuna haja ya hospitali?

Kijukuu: Habari zenu wakuu. Mzee wetu ana miaka 63, ana presha. Asubuhi hii mdomo ulipinda, kikombe kikamponyoka mkono wa kulia, maneno yakawa hayaeleweki. Baada ya dakika kama 20 amerudi kawaida, anasema ni uchovu tu. Jirani anashauri apewe aspirini alale. Sawa?

Zamu ya Usiku: Hapana mkuu, mpelekeni sasa hivi. Hicho huwa ni kiharusi cha muda: damu iliyoganda imeziba mshipa wa ubongo, kisha ikaachia. Kiharusi kamili hufuata zaidi ndani ya siku 2 za mwanzo. Nendeni moja kwa moja hospitali yenye CT scan (mashine ya kupiga picha ya ndani ya ubongo), msipotezee muda zahanati.

Aspirini acheni kwanza. Mshipa ulioziba na uliopasuka kwa nje vinafanana, CT ndiyo hutofautisha, na kama damu inavuja aspirini itazidisha. Wala msimuongezee vidonge vya presha ili ishuke haraka. Sehemu ya ubongo yenye damu kidogo itakosa hata hiyo.

Mama Tabibu: Njiani mwambieni afumbe macho, anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, mhesabu hadi 10. Mkono dhaifu hushuka polepole huku kiganja kikigeukia ndani. Ikitokea tena, andikeni saa ALIYOONEKANA MZIMA mara ya mwisho. Akiamka nayo, hesabu inaanzia alipokwenda kulala mzima, si alipoamka. Wengi hukosea hapo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu.

Asile wala asinywe chochote, hata maji ya kumezea kidonge, mpaka wampime kumeza. Koo likilegea vinaingia mapafuni. Akitapika au kusinzia, alale ubavu. Mkiwa na mashine ya sukari mpimeni: sukari ikishuka sana huiga kiharusi. Na bebeni dawa zake zote.

Kijukuu: Asanteni, tunatoka. Jana presha ilikuwa 158/96. Dawa humeza kichwa kikiuma tu.

Zamu ya Usiku: Basi kiini ndicho hicho. Presha mara nyingi haiumi kabisa. Dawa ni kila siku, hata namba zikiwa nzuri, maana ni dawa ndiyo inazishusha.

Mkirudi, pimeni hivi: akojoe kwanza, akae dakika 5 ameegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi, si juu ya shati. Mara 2, dakika 1 katikati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo. Nyumbani, kuanzia 135/85 ni juu. Chumvi isizidi kijiko 1 cha chai kwa siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye mkate, samaki wa ng'onda na vile vidonge vya mchuzi.

Ombeni pia apimwe ECG (kipimo cha mapigo ya moyo). Moyo unaopiga bila mpangilio hugandisha damu ndani yake, na wagonjwa wa aina hiyo huhitaji dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, aspirini haiwatoshi.