Mrejesho: Vijana wa duka la vifaa vya ujenzi

Wakuu, niliomba ushauri hapa kuhusu vijana wangu wa dukani Morogoro: wanachelewa kufungua, na mzigo wa stoo haulingani na daftari. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyenizuia kukata mishahara kufidia upotevu, Mungu akubariki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kwanza mfanyakazi aandikiwe hasara ni kiasi gani na imetokana na nini, halafu apewe nafasi ya kujitetea.

Kilichosaidia zaidi ni makabidhiano ya jioni. Wa stoo na wa kaunta wanahesabu pamoja saruji, nondo na mabati, wote wawili wanasaini. Mifuko ya saruji haipotei tena. Misumari ya kupima kwa kilo bado inatusumbua.

Bonasi ya muuzaji bora haikufaa kwangu. Walianza kugombania wateja mlangoni. Sasa duka likifikisha lengo la mwezi wanapata wote, na wanasaidiana kupakia mzigo bila kusukumwa.

Kuchelewa kumepungua, isipokuwa kwa mmoja. Nimekaa naye, nimempa onyo la maandishi. Bado ninamfuatilia.