Huen sau ya Wing Chun: ule mkono wa kuzungusha una kazi gani hasa?

Mwanagenzi
Wakuu habari zenu, nina miezi minane kwenye Wing Chun, ule mchezo wa kupigana wa Kichina, na kuna kitu kinanisumbua. Kwenye Siu Nim Tao, yaani form ya kwanza (mfululizo wa mapigo unaofanya peke yako), kila ukishatoa ngumi unafungua kiganja, unazungusha vidole duara zima, unakunja ngumi ndo unarudisha mkono ubavuni. Ukifika kwenye fook sau, ule mkono wa kulaza juu ya mkono wa mtu, unazungusha tena, mara tatu kila mkono. Form yenyewe fupi lakini huen sau imo kila kona, ina maana walioitunga waliona ni muhimu. Sasa juzi kwenye sparingi (pambano la mazoezi) ngumi inakuja nikazungusha mkono, nikala ya pua, nikarudia nikala nyingine. Inatumika kweli au ni mazoezi ya kulainisha kifundo tu?

MkonoLaini
Pole mkuu. Tatizo umeitumia kama bloku na huen sau sio bloku, ngumi ikiwa bado iko hewani hamna cha kuzungushia. Inahitaji mikono iwe imeshagusana. Chukulia hivi, mko kwenye chi sao, lile zoezi la watu wawili mikono ikiwa imegusana, mkono wako wa fook uko juu ya wa mwenzio, yeye anaanza kukusukuma uvuke mstari wa kati (wa katikati ya mwili), ukishindana naye nguvu mwenye misuli ndo anashinda, kwa hiyo unaacha nguvu yake ipite, kifundo chako kinapita chini ya chake na unatokea ndani, tayari una tan sau (mkono mbele, kiganja juu) na kiganja kinaweza kwenda moja kwa moja usoni. Kazi yake ni kuhama kutoka nje kwenda ndani, au ndani kwenda nje, bila kuachana na mkono wa mtu. Basi. Na kama njia iko wazi usizungushe chochote, piga!

Kiwiko
Naongezea ya kushikwa mkono maana mimi ndo ilinifungua macho. Mtu akikukamata kifundo, sehemu dhaifu ya mshiko wake ni pale dole gumba linapokutana na vidole. Ukivuta kwa nguvu anakaza zaidi, lakini ukizungusha kuelekea dole gumba huku unasogeza mwili mzima, mshiko unafunguka, na vidole vyako vinakuwa vimeshapanda juu ya mkono wake, unaukandamiza chini na mkono wa pili unapiga. Usisubiri akushike vizuri, fanya pale anapoanza kukunja vidole.

Ndondi_na_Mateke
Mimi nimetokea kwenye ndondi, niseme ukweli, mtu anayerusha jebu (ngumi ya haraka ya mkono wa mbele) na kurudisha haraka humpati kwa hii, mkono haukai hewani ukusubiri. Na ukivaa glovu kubwa kifundo kimefungwa, duara linakufa. Ila tukikaribiana kwenye klinchi (pale mnaposhikana mwilini) tunapigania nafasi ya ndani kila sekunde, kuchomeka mkono chini ya wa mwenzako uingie ndani, nikiangalia naona ni wazo lile lile. Kwa hiyo hailingani na umbali mrefu, lakini karibu ipo.

Mwanagenzi
Asanteni sana, hapo kwenye kugusana ndo nilikuwa sijaelewa kabisa. Jana nimejaribu na mwenzangu kwenye chi sao, mkono wa kulia umeingia ndani mara kadhaa, wa kushoto kila nikizungusha bega linapanda na duara linakuwa kubwa kama nakoroga sufuria.

MkonoLaini
Bega likipanda ujue kiwiko kimehama. Duara ni la kifundo, kiwiko kinakaa chini kimeelekea katikati, kama ngumi moja hivi kutoka mbavuni. Mwambie mwenzio akushike kiwiko kwa vidole viwili tu, asikaze, wewe zungusha taratibu sana, kikisogea anasema na unaanza upya. Dakika tano kila mkono, wa kushoto upe kumi.