Naomba ushauri: ufito mrefu wa fimbo ya kuvulia

Habari zenu wakuu. Nataka kujitengenezea fimbo ya kuvulia hapa Tanga, nimekwama kwenye kuchagua ufito, yaani mti wenyewe wa fimbo kabla ya kufungwa pete na kishikio. Huwa nasimama mwambani, narusha chubwi ya gramu 150 na kipande cha ngisi, nawinda kolekole. Ufito wa futi 13 nautamani sana: unarusha mbali na kuuinua mshipi juu ya mawimbi. Lakini wa kaboni tupu nauhofia, maana ukigonga jiwe ukapata ufa mdogo tu, unaweza kukatika ghafla samaki akivuta. Wa nyuzi za kioo unastahimili, ila ni mzito na ukipinda hurudi taratibu. Waliotumia wa mchanganyiko, unafika mbali? Na vipande viwili au vitatu? Nasafiri kwa bodaboda. Natanguliza shukrani.