Sikwensa ya MIDI ya kubebeka kwa shoo ya jukwaani: nichukue ipi?

besi_nzito: Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nataka kupiga jukwaani bila laptopu, nikitumia sikwensa (kifaa kinachokumbuka noti na kuviamuru vyombo vizipige) kupitia MIDI (lugha ya vyombo kupeana noti). Vyombo ni vitatu: sinthesaiza ya besi yenye tundu la DIN la pini 5 (tundu la duara la MIDI), mashine ya ngoma yenye jeki ndogo ya 3.5 mm, na sinthesaiza ya akodi ya sauti 6 (inalia noti 6 kwa pamoja) ambayo ina USB tu. Vyote vinatakiwa viingie begi la mgongoni. Sikwensa nilizobakiza kwenye orodha ni Novation Circuit Tracks, Arturia KeyStep Pro na OXI One. Hofu yangu kubwa ni kuhama kutoka sehemu moja ya wimbo kwenda nyingine bila mdundo kukatika.

waya_tano: Karibu mkuu. Kabla ya kuhesabu traki (njia ya kila chombo ndani ya sikwensa), maliza kwanza suala la hiyo sinthesaiza ya USB, maana ndiyo itakayokuamulia. Tundu la USB la KeyStep Pro na la Circuit Tracks limetengenezwa lichomekwe kwenye kompyuta, na la sinthesaiza yako ni hivyohivyo. Ukiziunganisha zenyewe kwa zenyewe utapata kimya, kwa sababu kila moja inasubiri kifaa mwenyeji cha kuendesha mawasiliano.

Njia ni mbili. Ama ununue kisanduku cha mwenyeji, kinachopokea DIN upande mmoja na kutoa USB upande wa pili (kinataka umeme wake), ama uchukue sikwensa yenye tundu la mwenyeji kama Squarp Hapax. Hapax ina traki 16 na ni chombo kizuri sana, ila haina betri. Kwa begi lako, kisanduku. Thibitisha tu kwamba sinthesaiza haidai draiva maalumu (programu ya kusakinisha kwenye kompyuta). Ikidai, kisanduku hakitaitambua.

Ncha na Pete: Naongezea kwenye mashine ya ngoma. Jeki ya 3.5 mm ina aina A na aina B. Kwenye A, pini 5 iko kwenye ncha na pini 4 kwenye pete. B ni kinyume. Ukikosea hakiungui kitu, ila hakuna noti itakayopita, na watu wengi wameshakimbilia kurudisha mashine nzima wakati kosa lilikuwa la adapta (waya wa kugeuza 3.5 mm kuwa DIN). Korg hutumia A. BeatStep Pro ya Arturia ni B. Soma mwongozo wa mashine yako kabla ya kununua adapta.

mdundo_kwanza: Kwenye hofu yako ya kuhama: usitazame idadi ya hatua (nafasi za kuweka noti), tazama mikono inafanya nini. KeyStep Pro ina traki 4, hatua 64, paterni 16 (vipande vya kurudiarudia) kwa kila traki, na "scenes" (seti za paterni) zinazobadilisha traki zote 4 kwa pamoja. Circuit Tracks ina traki 2 tu za MIDI (zimekuja kwenye chaneli 3 na 4, yaani namba za kutenganisha vyombo), noti 6 kwa hatua, paterni ya hatua 32. Traki zake za sinthesaiza nazo hutuma noti nje kwenye chaneli 1 na 2, kwa hiyo vyombo vyako vitatu vinatosha. OXI One ina sikwensa 4 na betri ndani.

Jaribu hivi dukani: chezesha paterni mbili, bonyeza ya pili ukiwa hatua ya 5. Inangoja mwisho wa paterni au inaruka papo hapo? Halafu nyamazisha besi wakati noti ndefu bado inalia. Noti ikigoma kuzima, tafuta kama kuna njia ya haraka ya kutuma ujumbe wa kidhibiti namba 123, unaozima noti zote.

Mimi ningechukua KeyStep Pro, kwa sababu ya matundu yake mawili ya DIN ya kutoa. MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, yaani noti moja karibu milisekunde 1. Akodi ya noti 6 ikitangulia kwenye waya uleule, besi inachelewa karibu milisekunde 6. Akodi zipe tundu lake kupitia kile kisanduku, besi na ngoma zibaki kwenye lile jingine.

besi_nzito: Asanteni sana, nimeelewa. Umeme je? Pawabenki itatosha?

waya_tano: Kwa KeyStep Pro hapana, inataka adapta ya volti 12. Circuit Tracks hukaa saa 4 kwa betri yake. Kile kisanduku ndicho kinaweza kukaa kwenye pawabenki, lakini angalia: pawabenki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno. Iache ikiwaka saa nzima nyumbani kabla ya kuiamini.

mdundo_kwanza: Na saa ya MIDI (ishara ya kulinganisha mwendo wa vyombo), mapigo 24 kwa kila robo noti, itoke kwa sikwensa peke yake. Mashine ya ngoma iweke kwenye saa ya nje. Kama inapiga paterni zake yenyewe, usiitumie noti tena kutoka kwenye sikwensa. Utasikia kila kiki (ngoma kubwa ya chini) inapiga mara mbili, "du-dum", na tatizo hilo huwezi kulirekebisha kwa tempo.