Mliokula bata fukwe za Meksiko tupeane uzoefu: mlikula nini, mlijilaza wapi?

Mtoto wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Mods naomba msiunganishe huu na ule uzi wa viza, huu ni wa tumbo na mchanga tu.

Niko Houston. Kutoka hapa Cancún ni saa mbili na kidogo kwa ndege, kwa hiyo baridi ikianza watu kazini wanatoweka wiki nzima. Wakirudi ukiwauliza kukoje, wanakuonyesha bangili ya hoteli, zile hoteli za kulipa mara moja ukala mpaka uchoke, na picha ya baga na chipsi. Hivi kweli mtu anavuka Ghuba ya Meksiko kufuata chipsi? Mimi mtoto wa Tanga nilikataa.

Naanza mimi. Ukiwa Cancún panda boti uende Isla Mujeres, haifiki nusu saa. Kaskazini ya kisiwa, Playa Norte, maji ni ya kina kifupi, unatembea mbali na bado yako kiunoni. Ila kilichonipeleka ni samaki anaitwa tikin xic. Anapasuliwa mzima, anapakwa mzingifuri uliosagwa (zile mbegu nyekundu ambazo Unguja wanawapaka watalii midomoni) pamoja na maji ya danzi, analazwa juu ya jani la mgomba, moto wa kuni chini. Mapishi ya Wamaya hayo, yalikuwepo kabla ya Cancún. Cancún yenyewe ni mji wa juzi, serikali ilianza kuujenga 1970 kwa ajili ya watalii.

Analetwa na chapati ndogo za mahindi, vitunguu vilivyolowekwa, na pilipili habanero pembeni. Habanero ni ndugu wa damu wa pilipili mbuzi, kwa hiyo mhudumu alipoanza kunionya nilimwacha amalize.

Baada ya hapo bembea ya wavu, chini ya makuti. Usilale kwa urefu, utapinda kama ndizi. Lala mshazari, mgongo unanyooka wenyewe. Watu wa rasi hii ya Yucatán wengi wanalala humo usiku kucha, nyumbani kwao ndicho kitanda.

Haya, wengine shusheni.

Binti Kibokoni

Shukran kwa uzi, kaka. Mimi niko Minneapolis, tulikwenda na mume wangu na watoto Progreso, huko huko Yucatán lakini upande wa Ghuba. Nataka niseme na Waislamu wenzangu maana hili silioni likisemwa. Nguruwe kule hayupo kwenye nyama pekee. Mafuta yake, wayaita manteca, hutiwa kwenye maharage ya kupondwa, kwenye tamales (unga wa mahindi wa kuvukizwa ndani ya majani), na mara nyingi kwenye chapati za ngano. Waagiza samaki wako umetulia, kumbe maharage ya pembeni ndiyo yenye mambo. Sisi tulikuwa twauliza kila mahali, "¿Lleva manteca?", yaani kimetiwa manteca? Wala hawachukii. Mama mmoja alituingiza jikoni kwake tukaone chupa ya mafuta anayopikia. Chapati za mahindi kwa kawaida ni mahindi, chokaa na maji, hizo kuleni. Cochinita pibil msiisogelee, hiyo ni nguruwe mwenyewe.

Kilichonistaajabisha ni kibis. Nimekaa mchangani, apita kijana na sanduku la kioo, ndani mna kibe zile zile za Waarabu, za ngano na nyama, azipasua na kuzijaza kabeji na vitunguu. Walebanoni walihamia Yucatán tangu mwisho wa karne ya 19, na chakula chao kikabaki. Muulizeni nyama gani, akisema "res" ni ng'ombe.

Jioni watoto hawakutaka kitu ila marquesita: kaki nyembamba yakunjwa ingali moto, ndani mna jibini ya Kiholanzi iliyokwaruzwa na kitu kitamu cha kupaka. Mume wangu alisema jibini na sukari wapi na wapi, kisha nikamuona foleni tena.

Mgema Asiyesifiwa

Uzi mtamu huu. Mimi wa Kaloleni, Kilifi, na mnajua kwetu mnazi si mti wa kivuli tu.

Nilikuwa Puerto Vallarta, upande wa Pasifiki. Jioni watu hutembea kandokando ya bahari, pale wanapaita Malecón. Nikaona mzee kavaa kofia ya ukili, kabeba buyu kubwa begani. Nikasogea. Tuba! Tembo la mnazi, jamani, Meksiko! Nilimuuliza kwa Kihispania changu cha kuokoteza, akanionyesha kwa mikono jinsi wanavyopanda na kukata kole. Nikamwonyesha na mimi. Tukabaki tunachekana pale kama wendawazimu.

Nilifuatilia baadaye. Merikebu za Wahispania zilikuwa zikisafiri kati ya Manila na Acapulco tangu 1565 hadi 1815, na Wafilipino waliokuja nazo ndio walioleta ugema, hasa jimbo la Colima. Lakini niseme ukweli wangu: wanaiuza ikiwa changa, tamu tupu, halafu wanaweka vipande vya tofaa na karanga juu. Karanga kwenye tembo! Huko kwetu mzee angekukatalia kiti.

Samaki wa huko anaitwa zarandeado, naye anapasuliwa na kuchomwa kwenye wavu wa chuma. Mzuri. Lakini mimi nilikuwa nimeshampata mgema mwenzangu.

Baridi ya Toronto

Nacheka hapa kwenye basi. Kwangu mimi Meksiko ilinifundisha kukaa. Tulikula saa tisa alasiri, ndio muda wao wa mlo mkubwa, sahani zikatolewa, tukakaa. Tukakaa. Bili haiji. Shoga yangu akaanza kununa kwamba tumedharauliwa kwa rangi yetu. Meza ya jirani, familia ya Kimeksiko, nao wamemaliza kitambo wanapiga soga. Kumbe kule kukuletea bili hujaiomba ni kama kukufukuza. Unasema mwenyewe "la cuenta, por favor". Toka siku hiyo sikuwa na haraka tena, mlo mmoja unakula mchana mzima.

Mengine mawili ya haraka. Alama ya $ kwenye menyu ni peso, msizimie. Na fukwe zote Meksiko ni za umma kisheria, hoteli haina mamlaka juu ya mchanga ule. Kiti na mwavuli ndivyo vya kulipia, na ukumbi ukikwambia lazima utumie kiasi fulani, uliza ni kiasi gani kabla hujakaa.

Mama Nuru

Mbona hamsemi mwani? Sisi tulienda Playa del Carmen mwezi wa saba. Picha za mtandaoni maji ya feruzi, tumefika ufuko mzima umefunikwa mwani wa kahawia, marundo ya kufika magotini, na ukianza kuoza unanuka mayai viza. Unaitwa sargazo. Unaelea kutoka Atlantiki, na tangu 2011 umekuwa ukija kwa wingi kuliko zamani. Wanaume wanauzoa na matoroli tangu alfajiri, ikifika jioni umerudi.

Kilichotuokoa ni vitu viwili. Kwanza kisiwa cha Cozumel, maana upande wake wa magharibi unatazama bara, mwani mwingi unaishia upande wa pili. Pili cenote, yale mashimo ya mawe yenye maji baridi. Kaskazini ya Yucatán huoni mto juu ya ardhi, maji yote yanapita chini ya mawe ya chokaa, sasa pale paa la pango lilipoanguka ndipo cenote. Maji maangavu unaona vidole vyako vya miguu. Mafuta ya jua yaoshe kabla hujaingia, wanakagua.

Nikirudi nitaenda Januari au Februari. Mwani huwa mchache na msimu wa vimbunga umepita, maana ule ni Juni hadi Novemba.

Mukubwa wa Kivu

Jambo bandugu. Miye niko Phoenix, sipande ndege. Tunaingia mu gari asubuhi na bibi na batoto, kisha ya masaa ine hivi tuko Puerto Peñasco, ku Ghuba ya California. Miye mutu wa Bukavu, nimekomaa na sambaza, tusamaki tudogo twa ziwa, na maji ya Ziwa Kivu hayatoke fasi yake. Kule bahari inaondoka! Unalala iko pale, unaamka imeenda mbali kabisa, batoto banatafuta kaa mu vidimbwi vya mawe. Ile pembe ya ghuba maji yanapanda na kushuka mingi sana, mita nyingi. Muangalie saa mbele ya kutandika nguo.

Chakula ni kamba. Banamutia mu glasi kubwa na maji ya nyanya, ndimu, kitunguu, avoka, baridi kabisa, unakula na kijiko. Bibi alisema supu ya baridi hapana. Nikakula yangu na yake.

Mchelewaji

Wakuu samahani, najua mwenye uzi kakataza viza, ila niko Dar na nina viza ya Marekani. Naweza kupitia huko?

Baridi ya Toronto

Ikiwa bado hai, unaingia Meksiko kutalii bila kuomba ya kwao. Hata ya Kanada, Uingereza, Japani au Schengen ni hivyo hivyo. Soma tovuti ya ubalozi wao kabla hujakata tiketi. Tukimbie kabla mwenye uzi hajaamka.

Nyau wa Mwananyamala

Nasoma Mexico City, na nyote mmekwenda kwenye fukwe za watalii. Mimi rafiki yangu darasani alinipeleka kwao, Costa Chica, mwambao wa majimbo ya Guerrero na Oaxaca. Wakuu, kule ni weusi wenzetu, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani zama za Wahispania. Katiba ya Meksiko imewatambua 2019 tu, na sensa ya 2020 ndiyo ya kwanza kuwauliza wote nchi nzima. Zaidi ya milioni mbili walijitaja.

Mama yake alinitazama, akanishika shavu, akaniuliza kama sijala. Sikuwa nimekula. Samaki wa kuchoma, wali, ndizi mbivu za kukaanga, ndimu, pilipili. Nilikula kwa mkono na hakuna aliyegeuka kunitazama. Mchana bembea chini ya mwembe, bahari unaisikia tu. Mji wa Cuajinicuilapa una makumbusho yao, na pameonyeshwa zile nyumba za duara za udongo walizokuwa wanajenga wazee wao.

Hoteli za bangili sikuziona. Na usiende kichwa kichwa, usalama wa barabara za Guerrero una shida zake: nenda na mwenyeji, safiri mchana.

Mgema Asiyesifiwa

Mkuu Nyau, huko minazi ipo?

Nyau wa Mwananyamala

Ipo mpaka basi. Dafu wanakunywa, halafu nyama yake wanaikata na kuimwagia ndimu, chumvi na pilipili. Ila tuba sikuiona. Wanashushia bia.

Mgema Asiyesifiwa

Basi kuna nafasi ya kazi.